Mama Dorcas Siune, Msimamizi Asiye na Meza ya Ndugu

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, kumi na minne ya mwisho akiwa msimamizi wa chumba cha uchambuzi, Mama Dorcas Siune atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Kiwanda cha Kahawa Lunaveka hakijawahi kuwa na msimamizi aliyepigiwa kelele kama yeye, wala hakijawahi kuwa na aliyeliliwa kama yeye. Na waliopiga kelele ndio haohao wanaolia. Kamati ya jarida ilipouliza nani ataandika wasifu wake, mikono ilinyooshwa mpaka watu wakagombana. Nilishinda mimi, kwa sababu ghala langu limepakana na chumba chake, na kwa sababu nina sauti kubwa kuliko wenzangu.

Mama Dorcas ni mtu wa Gembogl, kule juu Simbu, kwenye baridi ambayo mtoto huzaliwa amekunja ngumi. Yeye hakuwahi kuikunjua. Alifika Goroka akiwa mke wa dereva wa lori, akaajiriwa kuchambua kahawa, akapewa meza ya nyuma kabisa. Mumewe alifariki mapema na hawakujaaliwa mtoto. Tangu hapo, nje ya kazi, alibaki na kaka yake mkubwa, Kaspar, anayelima kijijini kwao. Kwa mjane asiye na mtoto, ardhi ya kaka ndiyo uzee wake. Msomaji aliweke hilo moyoni, maana ndilo alilolichezea.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia chumba cha uchambuzi: kahawa huchambuliwa kwa macho. Meza za dirishani zina mwanga na upepo, na punje mbovu unaiona kabla hujaigusa. Meza za nyuma zimeegemea tanuri la kukaushia. Huko kuna joto, vumbi la maganda, na zamani kulikuwa na taa moja iliyokuwa ikiwaka inapojisikia. Malipo ya ziada hutolewa kwa uzito wa kahawa safi, kwa hiyo anayekaa dirishani anakula vizuri na anayekaa tanurini anakula vumbi.

Sasa ongeza desturi yetu ya wantok, yaani mtu wa lugha yako, ambaye humnyimi kitu hata kama unacho kimoja tu. Msimamizi akiwa wa Asaro, watu wa Asaro wote dirishani. Akija wa Lufa, tunahamia sisi wa Lufa, na wa Asaro wanalalamika kwamba hakuna haki duniani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Na mtu aliyepelekwa tanurini kwa sababu ya lugha ya mama yake huwa haoni punje mbovu. Akiiona, anaisindikiza mpaka kwenye gunia.

Ndivyo tulivyofika pabaya. Mnunuzi wetu mkubwa wa Ujerumani aliturudishia shehena nzima, akasema atajaribu msimu mmoja tu, na kahawa ikiwa chafu tena basi kwaheri ya moja kwa moja. Bila yeye tungefunga milango. Meneja wetu, Bwana Pomat, ni mtu wa visiwa vya Manus ambaye huku milimani hana wantok hata wa dawa. Labda ndiyo maana aliona wazi. Alimwondoa msimamizi wa zamani, akamweka Mama Dorcas.

Watu wa Simbu walisherehekea wiki nzima. Kaspar alishuka kutoka Gembogl na nguruwe wawili wanene, wakachimba shimo, wakapika kwa mawe ya moto, nyama na viazi vitamu na majani. Alimleta pia binti yake, Relvie, aliyekuwa ameajiriwa siku hizo hizo. Akamshika bega mbele ya watu, akasema, "Dada, huyu ni mwanao. Mpe dirisha." Mama Dorcas alikula nguruwe wale, tena alikula vizuri. Na kwetu nguruwe akishaliwa hajaisha. Aliyekula anasubiriwa.

Jumatatu tukaingia kazini kutazama sinema. Mama Dorcas alipanda juu ya gunia ili aonekane, kwa kuwa Mungu hakumpa urefu, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo meza zitazunguka kila wiki. "Kila meza itakaa dirishani, na kila meza itakaa tanurini. Na meza moja haitakuwa na lugha moja. Anayetaka kukaa na shangazi yake, akae naye nyumbani!" Kisha akataja watakaoanzia tanurini. Jina la kwanza lilikuwa Relvie.

Usidhani hapo watu wa Lufa na Asaro walishangilia. Tobias, fundi maneno wetu kutoka Sepik, aliona wanawake wenye watoto wachanga wamewekwa karibu na mlango na hawazungushwi, akasimama. "Mama, huu usawa gani? Mbona hao wamepigiliwa misumari mlangoni?"

"Wako karibu na watoto wao walioachwa kibandani hapo nje," alijibu. "Nawe ukitaka mlangoni, Tobias, karibu. Anza kunyonyesha."

Chumba kizima kiliangua kicheko mpaka Bwana Pomat akatoka ofisini. Lakini Tobias si mtu wa kukaa chini mara moja. Akauliza na habari ya Mama Orifa wa Lufa, ambaye macho yalikuwa yameanza kumchoka, naye akaachwa dirishani. Mama Dorcas alimjibu bila kucheka safari hii. "Nikiwapa wote viatu vya saizi moja, nusu yenu mtatembea peku. Kila mtu atapata kiatu chake, na sababu nitaisema hapa hapa, mbele ya wote. Asiyeridhika aseme hapa hapa, si kwenye kijiwe cha kutafuna tambuu." Hiyo ndiyo ikawa sheria, na hakuivunja: hakumpa mtu nafuu ambayo hakuweza kuieleza kwa sauti.

Habari zilipanda mlima haraka kuliko lori. Kaspar alishuka tena, mikono mitupu, akasimama getini akapiga kelele tukasikia mpaka ghalani. "Nguruwe wangu ulimla kwa mdomo gani? Umemtupa mwanangu kwenye moto kwa ajili ya watu wa Lufa!" Mama Dorcas alitoka, akasimama mbele yake. Kaspar akamalizia na lile lililotutia baridi sote: "Siku utakayostaafu, usipande gari la Gembogl. Waombe hao hao wakupe pa kupanda viazi."

Tuliona amekwisha. Mwanamke mwingine angebadilisha orodha jioni ile ile, na nani angemlaumu? Yeye aliingia ndani akauliza kwa nini kazi ya meza ya pili imesimama.

Lakini deni la nguruwe hakulikimbia. Mwisho wa mwezi alinunua nguruwe watatu kwa mshahara wake, akawapika hapa kiwandani, akamwalika kaka yake. Mjuavyo, nyama ikishatolewa shimoni hupangwa juu ya majani, na mgawaji huita ukoo baada ya ukoo, na kila ukoo hunyanyua kichwa ukisikia jina lake. Kaspar alisimama mbele kabisa, mikono kiunoni, akisubiri. Mama Dorcas akavuta pumzi, akaita, "Meza ya kwanza!"

Watu walitazamana. Hakuna aliyewahi kusikia nyama ikigawiwa hivyo. Meza ya kwanza ilikuwa na mtu wa Asaro, mama wa Henganofi, vijana wawili wa Simbu na Tobias, nao wakajongea kwa aibu kama wachumba, wakachota pamoja. Akaita ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa ya Relvie, na fungu lake lilikuwa kubwa kuliko mengine kwa ajili ya mgeni wake. Relvie alimwendea baba yake amshike mkono. Mzee akauchomoa mkono wake, akaenda zake bila hata kiazi. Nilikuwa nimesimama karibu na Mama Dorcas. Alimtazama kaka yake mpaka akatokomea getini, kisha akafuta kisu. Akaita meza ya tano.

Kaspar hakukanyaga tena Goroka, na salamu alizotumiwa hazikujibiwa.

Na kazi? Kazi ilinyooka, jamani. Anayejua kwamba wiki ijayo atakaa dirishani hana sababu ya kusindikiza punje mbovu wiki hii. Lakini kilichotuokoa hasa ni kitu ambacho hata Bwana Pomat hakukitarajia. Watu wa kila lugha walipopitia tanurini, kila lugha ilianza kulalamikia joto na taa. Mama Dorcas aliwaachia walalamike, kisha akawaongoza wote mpaka mlango wa meneja. "Bosi, joto likimpata mtu wa Sepik peke yake, ni shida ya Sepik. Sasa limempata kila mtu, ni shida ya kiwanda." Taa mpya na mapangaboi vilifungwa kabla mvua hazijaanza. Msimu ulipoisha mnunuzi alipokea kahawa yetu yote, na uliofuata akaongeza oda. Kiwanda hiki hakijarudishiwa shehena tena. Siku habari hiyo ilipofika tulimwinua juu kwa juu, naye akatutukana vizuri akitaka ashushwe.

Msidhani alikuwa mkali kwa wadogo tu. Alipopiga marufuku kutema tambuu ndani, ukuta wa ofisi ukakutwa na doa jekundu. Aliwakagua wachambuzi wote midomo, hakuna. Akaingia ofisini. "Bosi, hebu cheka kidogo." Bwana Pomat alijaribu kufunga mdomo, akashindwa; meno yalikuwa mekundu. Alifuta ukuta mwenyewe, kwa ndoo na tambara, na tangu siku hiyo sheria za chumba kile hazikuhitaji askari.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine waliniambia nisilitie kwenye sherehe. Nalitia. Mama Dorcas alikuwa wa haki kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Relvie alikua mchambuzi hodari kuliko wote, mpole kwa wanaoanza, mkali kwa gunia chafu. Nafasi ya msaidizi wa msimamizi ilipotokea, akapewa mtu wa Asaro. Ikatokea tena, akapewa mtu wa Henganofi. Walikuwa wazuri, lakini hawakumfikia Relvie, na kila mtu alijua. Binti hakulalamika. Angelalamika kwa nani, kwa shangazi yake au kwa baba aliyenuna mlimani?

Mwaka jana nafasi hiyo ilibaki wazi kwa mara ya tatu, na tukasikia Mama Dorcas ameandika jina la mwingine. Mama Orifa alivua aproni yake, akaenda mpaka kwa Mama Dorcas, nyuma yake wakiwa watu wa Lufa, wa Asaro na Tobias wa Sepik. Hakukuwa na mtu wa Simbu hata mmoja. Mama Orifa haoni mbali siku hizi, kwa hiyo alimsogelea sana.

"Dorcas, umemwonea mtoto huyu. Umemnyima kwa sababu ni damu yako, ili sisi tukusifu. Kumnyima mtu kwa ajili ya lugha yake, si ndiko ulikotukataza? Au sheria yako ni ya watu wengine tu?"

Mama Dorcas alipita katikati yao, akaja ghalani kwangu, akakaa juu ya magunia akalia. Nilimpa chai, ikapoa. Alichosema ni kimoja tu: "Orifa amenichapa kwa fimbo yangu mwenyewe." Kesho yake alisimama mbele ya chumba kizima, kama ilivyo sheria, akamwomba Relvie radhi kwa sauti, kisha akamtaka Bwana Pomat awasaili waombaji wote yeye akiwa hayupo. Relvie alishinda. Amekuwa msaidizi tangu hapo, na wiki iliyopita usaili mwingine wa namna hiyo hiyo umempa kiti chenyewe. Jumatatu ndiye msimamizi wetu.

Yalibaki ya Gembogl. Tulijua Mama Dorcas anafungasha bila kusema anaelekea wapi, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama Orifa alikuwa ameshamtengea kipande cha bustani Lufa. Mwezi uliopita nikaamua kupanda mwenyewe kwa Kaspar, kwa kisingizio cha kuomba neno la kuweka kwenye wasifu huu. Nilimkuta mgongo wa kilima, amezeeka, anapigilia mbao za nyumba mpya. Nilijitambulisha: Gideon Lomuto, mtu wa Lufa. Akashusha nyundo.

"Huyo aliyemtetea binti yangu ni wa kwenu?"

Nikamwambia ni wa kwetu. Akaihesabu misumari kiganjani. "Mimi sijawahi kumtetea mtoto wa mtu wa Lufa," alisema. "Mwambie dada yangu nyumba inaezekwa. Asikodi gari. Nakuja kumchukua mwenyewe."

Mama Dorcas, kiwanda kinakushukuru kwa kazi, nasi tunakushukuru kwa kutufanya watu. Pumzika sasa, ulale mpaka jua litoke, ulime viazi vyako kwenye ardhi ya kwenu, na Mungu akupe miaka mingi ya afya na kicheko. Jumamosi asubuhi lori la kaka yako litakuwa getini. Amepiga simu kusema lina nafasi nyuma kwa watakaopenda kukusindikiza. Nilimuuliza nafasi hizo ni za watu gani. Akasema, wa lugha yoyote, ila wawahi.