Kadi Zilizoandikwa "Upo"

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye kitengo cha ufundi, Fundi Kimya anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Tangazo la ofisi linasema anaondoka "kwa amani". Waliomwona akivutana na wakubwa miaka yote hiyo watacheka hapo, na yeye atacheka kuliko wote.

Jina hilo halitokani na tabia yake. Mama huyu huanza kuongea akiwa getini asubuhi na hunyamaza tu akishika bisibisi kwa meno. Alipewa kwa sababu kila televisheni iliyopita mezani kwake ilirudi kimya.

Chumba chetu cha mikanda ya video kina televisheni kumi na moja za zamani, zile zenye kioo kinene na mgongo mkubwa, kwa kuwa mashine za mikanda yetu hazielewani na skrini nyembamba. Tunakaa mbele yake kutwa tukiandika kilichomo kwenye kila mkanda. Zikizeeka hutoa mlio mwembamba, mkali, unaochoma sikio kama sindano. Vijana huusikia. Wengi waliokula chumvi nyingi hawausikii kabisa, na wakubwa wetu wote walikuwa wa kundi hilo.

Mwaka wa kumi na mbili wa Fundi Kimya kazini, binti mmoja mgeni wa chumba cha mikanda alipewa barua ya onyo kwa kuacha meza yake mara kwa mara. Alijitetea kwamba mlio unampasua kichwa. Mkuu wa idara wa wakati huo aliingia, akasimama dakika nzima, akatoka na kuandika kwenye kadi ya hitilafu: Haupo. Barua ya pili ingekuwa ya kumwachisha kazi. Fundi Kimya akalikata neno hilo kwa mstari mmoja na kuandika chini yake: Upo. Kadi ikarudi na Haupo. Akaandika tena Upo. Ilijaa pande zote mbili, hadi mtunza faili akauliza kama watu wazima hawa wana akili timamu.

Ndipo fundi alipofunika televisheni kwa blanketi, akapeleka swichi yake nje kwenye korido, na kupanga watu sita wakiangalia ukuta, mkuu wa idara akiwa wa sita. Anayesikia mlio anyanyue mkono. Aliwasha na kuzima mara kumi na mbili, na kila mara mikono mitano ilipanda na kushuka pamoja. Mkono wa sita ulibaki mfukoni. Mkuu alidai wanapeana ishara, akataka wafungwe vitambaa machoni. Wakafungwa, na mikono mitano ikapanda vilevile. Basi akaomba kalamu, akaandika Upo kwa mkono wake, na barua ya onyo ikachanwa. Tumpe haki yake, si kila mkubwa angeandika.

Tiba yenyewe haikuwa uchawi. Fundi alifungua mgongo wa televisheni ikiwa inawaka, akabonyeza sehemu moja moja kwa kijiti kirefu cha plastiki mpaka mlio ubadilike. Kisha alizima na kumwaga umeme uliobaki kwenye kioo, maana televisheni iliyozimwa bado inaweza kukurusha ukutani. Kila mgeni aliambiwa hivyo kabla ya kuambiwa karibu. Transfoma iliyolegea aliijaza gundi ngumu, koili ya shingoni mwa kioo akaikazia vipande vya mpira. Zile zilizogoma aliziita wakaidi wenzake na kuzirudia wiki iliyofuata.

Miaka tisa iliyopita aliingia chumbani, akasimama katikati, akatuambia wazi kwamba hausikii tena mlio. Hatukujua tuangalie wapi. Mwingine angejifanya. Yeye alituomba masikio yetu: akawa anabonyeza kwa kijiti, sisi tunanyanyua mikono. Tukisema upo, hakuuliza mara mbili. Siku hiyo nilimpenda fundi huyu kuliko siku nyingine zote.

Sasa ofisi imetangaza kwamba nafasi yake haitajazwa, kwa kuwa kwa miaka miwili hakuna aliyelalamikia mlio. Hakuna aliyelalamika kwa sababu fundi alikuwa kazini! Jumatatu iliyopita mwenzetu aliyeajiriwa juzi alishika kichwa mbele ya televisheni namba saba. Nilisogea, nikatega sikio, nikabana pumzi nisikie vizuri. Sikusikia kitu. Yule binti wa barua ya onyo ni mimi, na umri wa mkuu wa idara umenifikia.

Nilichukua kadi, nikaandika Upo, nikaipeleka kwa wakubwa ghorofani. Jana imerudi na Haupo. Leo asubuhi nimeipeleka tena, na nafasi ya kuandika bado ni tele.

Asante, Fundi, kwa kutuamini kabla hatujajiamini wenyewe. Tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma, na wajukuu wenye kelele zote ambazo masikio yako bado yanazikubali. Meza yako haitoki. Kijiti chako kiko droo ya juu, pale pale. Na kwenye orodha ya chumba cha mikanda, mbele ya jina lako, tumekataa kuandika kwamba umeondoka. Tumeandika: upo.