Anwani ya Mwisho ya Dada Lorene

Mchungaji, majirani, nanyi nyote mliotoka mbali, mimi ni Twyla Whaley, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, mnisamehe mkiniona nabadilisha mguu wa kusimamia, tangu Jumanne sijaweza kutulia mahali pamoja.

Marehemu Lorene Whaley Pruitt alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, hapa kaunti ya Duplin, North Carolina, mtoto wa kwanza wa wakulima wa tumbaku, akasoma hapa hapa hadi alipomaliza sekondari Juni 1970, kisha akaajiriwa jikoni katika shule ya msingi, ambako alisifika kwa mapishi yake na kwa kutomwogopa mwalimu mkuu. Tarehe 18 Mei 1974 alifunga ndoa katika kanisa hili na Delmar Pruitt, sajini wa wanamaji, mtu mwema aliyetutoka mwaka 2009, ambaye siku ile ile ya harusi alimwambia, "Usizoee dirisha lolote, mke wangu, tutalihama tu."

Na kweli walihama, mara kumi na moja, na ninyi mlio na ndugu jeshini mnaijua desturi yetu, watu wa jeshi tunawaandika kwenye daftari la anwani kwa penseli, wakihama unafuta, unaandika pale pale, nami nilikuwa hodari wa kufuta.

Mtoto wao Renae, aliyekaa hapo mbele, alizaliwa tarehe 14 Januari 1975, na Oktoba 1976 wakaingia katika nyumba za familia ndani ya kambi kubwa ya pwani, wakakaa hadi Juni 1979. Humo, tarehe 30 Agosti 1978, alizaliwa Dwight, akaishi siku tisa. Maji ya bomba ya nyumba ile Dada aliyasifu kila alipotupigia simu, aliyapikia, aliyatengenezea chai ya barafu, aliyanywa na mimba yake, na hakuna aliyemwambia kwamba visima vilikuwa vimeingiwa na dawa za kusafishia mitambo na nguo. Miaka arobaini alijiuliza alikula nini, alibeba nini kizito, alikosea wapi.

Mwaka 2018 alipatikana na saratani ya figo, na mwaka 2022, sheria ilipowaruhusu watu wa kambi ile kudai fidia kwa ajili ya maji yale, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua madai. Wakili wake, Bwana Teague, akasema panatakiwa karatasi ya kuonyesha kwamba aliishi ndani ya uzio, maana familia nyingi zilipanga nyumba nje ya lango, na faili la jeshi lilimtaja Delmar peke yake, vyeti vya Dwight vilitaja hospitali tu, na nyumba yenyewe ilishabomolewa. Dada akanikumbuka mimi na daftari langu. Nilimpelekea, akafungua ukurasa wake, akakuta anwani ya kambi imefutwa isibaki hata herufi, akacheka mpaka akakohoa.

"Twyla, hata jeshi halikunifuta vizuri hivi," akasema.

Nikalia, nikamwambia nimeharibu kila kitu. Akanishika mkono, akasema maneno ambayo naomba kila mtu humu ayasikie: "Sitafuti huruma, mdogo wangu. Nataka waandike mahali kwamba ni maji yaliyomchukua Dwight, si mimi."

Sasa ninyi mliosoma nami mnakumbuka nilivyokuwa nagombezwa kwa kukandamiza penseli hadi karatasi inakaribia kutoboka. Bwana Teague aliupeleka ukurasa ule kwa mtaalamu wa maandishi, akaumulika kwa taa kutoka ubavuni, na chini ya anwani zote zilizofuata ikaonekana mikwaruzo yangu, namba ya nyumba, jina la kambi, na "Okt. 1976". Tukaiwasilisha, tukaanza kungoja. Kila gari la posta lilipopunguza mwendo Dada alisimama, hata alipokuwa hawezi kusimama, na Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki nyumbani kwake, slipa zikiwa miguuni.

Barua tuliyoingoja ilifika juzi Alhamisi. Inasema ushahidi wa makazi umekubaliwa, suala la maji na maradhi bado linachunguzwa, na mdai anaombwa athibitishe anwani yake ya sasa. Nimekasirika, na sitaficha hasira yangu kanisani. Renae ataendelea na madai haya kwa niaba ya mama yake, na mimi nitakuwa nyuma yake hatua kwa hatua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliomletea supu na kumkatia majani, wenzake wa jikoni mliokuja na aproni zenu, na Bwana Teague.

Nao walioiulizia anwani yake katika barua ile nimewajibu leo asubuhi, na ukurasa wa daftari nimeujaza pia, safari hii kwa kalamu ya wino: Lorene Pruitt, makaburi ya kanisa, safu ya tatu, kati ya Delmar na Dwight.

Pumzika kwa amani, Dada yangu, hapa huhami tena.