Gladwell Watiri na Valvu za Mzee Theuri

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae nami kidogo. Mwaka huu nimesoma majina mengi ya marehemu kwenye maikrofoni hii, na sauti imechoka. Leo ni Gladwell Watiri, karani wa ofisi ya maji hapa Nyeri. Gladwell alifariki Jumanne, tarehe tisa Novemba, kwa nimonia. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Mwaka jana ofisi ilitupa kompyuta tatu stoo, ati zimezeeka. Gladwell akaziomba. Binamu yake, Peterson, alimletea kutoka Nairobi sidii ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure, na yeyote anaruhusiwa kuurekebisha. Wiki tatu skrini zilibaki nyeusi. Mumewe, Bwana Ndungu, anakumbuka:

"Alikuwa anafika nyumbani anakaa kwa kiti na koti yake bado. Nikimuuliza, mama Wachuka, chai? Ananiambia, 'Ngoja kwanza nipumzike nirudi kuwa mtu.'"

Wiki ya nne kompyuta ziliwaka. Ndani yake Gladwell akaweka kurasa za pamoja. Zinaitwa wiki, wasikilizaji, lakini si wiki ya siku saba. Ni kurasa ambazo kila mtu ofisini anaweza kuzifungua, kuongeza anachojua, hata kufuta alichoandika mwenzake.

Alizitakia nini? Mabomba ya mji huu yalifukiwa zamani, na ramani zililiwa na mchwa. Valvu za kufungia maji ziko wapi, alijua mtu mmoja tu: fundi Theuri, mzee wa miaka thelathini na mmoja kazini. Mzee huyo alikataa kabisa kumwonyesha.

"Mama, nikikupatia yote iko kwa kichwa, hii ofisi itanitakia nini?"

Gladwell akamjibu, "Mzee, hakuna mtu atakufukuza. Mimi niko."

Basi walitembea miezi mitano, kutoka Ruring'u hadi King'ong'o. Mzee anaonyesha kwa spana, Gladwell anaandika. Valvu mia mbili na kumi na nne. Mwezi wa Aprili bomba lilipasuka Kamakwa, na Theuri alikuwa matangani Kangema. Mafundi wengine walisoma ukurasa, wakafunga maji ndani ya dakika ishirini. Ofisi nzima ilipiga makofi.

Mwezi wa Juni ikaja orodha ya kupunguza wafanyakazi. Jina la Theuri lilikuwa la kwanza.

Gladwell aliingia kwa meneja bila kubisha. Meneja akamwambia, "Si yote iko kwa kompyuta sasa?"

Jumamosi iliyofuata Gladwell alikwenda Tetu, nyumbani kwa Theuri, kwa miguu, kwenye manyunyu, kurasa zilizochapishwa zikiwa ndani ya sweta. Mzee Theuri mwenyewe alitusimulia:

"Alisimama hapo kwa boma akalia. Akasema, 'Mzee, nilikudanganya.' Nikamwambia, hukunidanganya, hata wewe ulidanganywa. Lakini nilikuwa na uchungu, siwezi ficha. Hata chai sikumpatia. Nilichukua hiyo karatasi nikaangalia. Nikaona valvu ya Majengo ameandika upande ya juu ya barabara. Nikamwambia, hapa umekosea. Iko upande ya chini."

Jumatatu Gladwell alisahihisha ukurasa wa Majengo. Chini yake akaandika: "Kwa maelezo ya fundi Theuri." Kisha akaandika hivyo hivyo katika kurasa zote, mia mbili na kumi na nne, moja moja. Meneja alipomwagiza ayatoe maneno hayo, alisema, "Nimechoka, bwana. Yatoe wewe."

Theuri hakurudishwa kazini. Gladwell aliugua mwishoni mwa Oktoba, na hakuamka tena. Kwenye mazishi, mzee alishika koleo akafukia pamoja na wanaume wa ukoo.

Kwa Bwana Ndungu, kwa Wachuka na wadogo zake, kwa wenzake ofisini, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji, tafakarini: ni nani aliyewafundisha kazi mnayoifanya, na je, mmewahi kumtaja?

Kurasa zile kila mtu anaweza kuzifuta, hata meneja. Jana niliuliza pale ofisini. Hakuna aliyelifuta jina la mzee.