Milonge ya Dada Uzi

Benchi lile liko pembeni mwa barabara, chini kabisa ya roshani ya ghorofa ya kwanza, na anayelikalia akiinua macho tu anaiona milonge ya Dada Uzi. Ilikuwa mitatu, kila mmoja na ndoo yake ya rangi iliyotobolewa kitako, na ilikuwa imesheheni majani hadi yanamwagika nje ya nondo. Lakini siku hii vilikuwa vimebaki vijiti. Dada Uzi, fundi cherehani, alikuwa hospitalini anamwuguza baba yake, na ufunguo aliuacha kwa Betri, fundi saa mwenye kimeza chake hapohapo kando ya benchi. Alimwambia hivi: "Kaka, udongo ukikauka mimina maji kidogo. Majani naomba yasiguswe, ndiyo ninayomtilia baba kwenye uji. Bila hayo hagusi bakuli." Sasa simu ilikuwa imeingia asubuhi: yuko njiani, anarudi na mzee.

Betri alipanda ngazi mbio akamwaga ndoo nzima ya maji. Udongo ulikuwa mkavu kama unga, haukushika kitu. Maji yalipita moja kwa moja yakatokea chini, na hadi wenzake wanakusanyika kunywa kahawa yalikuwa bado yanadondoka kwenye ncha ya benchi, rangi ya chai. Watu walisogea upande mkavu na hakuna aliyeuliza yanatoka wapi.

— Upepo huo, alisema Daktari, akivitazama vile vijiti juu.

Daktari ni kinyozi. Udaktari aliupata kwa kuwapima watu presha kwa macho huku anawanyoa.

— Upepo gani unanyonyoa mti na mashuka ya jirani unayaacha kwenye kamba? aliuliza Wakili, ambaye ni dalali wa vyumba na hajawahi kukubaliana na mtu.

— Basi sema wewe.

— Mnara wa simu. Tangu waufunge pale juu ya paa, hata mimi nywele zinanitoka.

— Nywele zako zilianza kuaga kabla ya huo mnara. Mimi ndiye ninayezikata.

Muuza kahawa, ambaye wote walimwita Shemeji ingawa hakuna aliyeoa kwao, alimimina vikombe vingine.

— Mti unamzoea mtu, alisema. Mwenyewe akiondoka, unasusa.

— Unasusa?

— Kama mtoto. Mimi nilikuwa na mbuzi mmoja...

— Hatuzungumzii mbuzi, Shemeji.

— Sikilizeni, alisema Wakili. Mlonge una akili. Ukiona hali mbaya unayavuta majani ndani ya shina. Ukilipasua sasa hivi utayakuta humo, yamekunjwa vizuri.

— Kitaalamu inawezekana, alisema Daktari.

Betri alikuwa ameinamia saa ambayo haikuwa na ubovu wowote. Aliona haya. Maana kila mmoja wa mabwana hawa alikuwa amemjia kwa wakati wake: "Fundi, lete ufunguo nikaimwagilie ile milonge ya dada yetu." Alipanda na jagi, akashuka na mfuko umevimba. Na kila mmoja akirudisha ufunguo alisema lilelile, kwamba amekuta udongo una unyevu, bila shaka aliyemtangulia amekwisha kumwagilia. Betri alipokea ufunguo akashukuru. Mifuko aliiona. Angewauliza vipi, wakati yeye mwenyewe kila jioni alichuma ncha changa za kutia kwenye chai yake, akijiambia tawi moja haliui mti? Maji hakupeleka. Aliona majagi mengi yanapanda, akajua kazi inafanyika.

— Fundi, mbona kimya? aliuliza Wakili. Ufunguo unao wewe. Dada akifika utamwambia nini?

— Nitamwambia yamekunjwa ndani ya shina.

Tone lilidondoka, likafuatiwa na jingine.

— Mimi nilichukua kiganja tu, alisema Daktari, anaongea na kikombe chake.

— Kiganja hicho? alisema Wakili. Hicho si kiganja, ni beleshi.

— Na wewe je? Ulishuka na mfuko wa plastiki.

— Yangu yalikuwa dawa ya magoti.

— Yangu mengine yamo humo, alisema Shemeji, akaonyesha birika kwa kidevu. Juzi mlisema kahawa yangu imepata nguvu.

Wote walitazama ndani ya vikombe vyao. Daktari aliweka chake chini taratibu.

Papo hapo teksi ilisimama. Dada Uzi alishuka na mabegi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini anatabasamu. Nyuma yake alishuka mzee mwembamba, koti limemshinda mabega.

— Kaka zangu, hamjambo?

— Hatujambo, dada. Pole na kuuguza.

— Nimekwisha kupoa. Naomba baba apumzike hapa kidogo kabla ya ngazi. Mimi natangulia, nichume majani mawili matatu nimkorogee uji.

Alinyoosha mkono kwa Betri. Betri alikuwa amejiandaa kusema, wallahi alikuwa amejiandaa, ila kilichotoka kilikuwa ufunguo peke yake. Dada Uzi alimshukuru akaingia ndani.

— Shikamoo mzee, walisema kwa pamoja, kama wanafunzi waliochelewa.

— Marahaba, wanangu.

Walimpa upande mkavu, lakini benchi ni fupi, na tone lilimpata begani. Mzee alilipangusa kwa kidole, akainua uso. Macho yake hayakufika mbali tena. Aliona mwanga na kivuli cha nondo, basi.

— Naona hata leo imepata maji, alisema, akafurahi. Mungu awaweke. Kule wodini nilikuwa namwambia mwanangu, nenda japo siku moja kaangalie miti yako. Ananijibu, baba, tulia, pale chini nina kaka zangu. Na kweli akawa analala pale sakafuni bila wasiwasi. Nikasema nikitoka mzima, huyo anayeimwagilia nitampa mkono wangu.

Akaunyoosha, mkono mkavu, bado una alama ya sindano.

— Nani kati yenu alikuwa anaimwagilia?

Daktari alimtazama Wakili. Wakili alitazama viatu vyake. Shemeji aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa machicha tu. Betri alificha mikono chini ya kimeza, kwa sababu kucha zake zilikuwa bado za kijani.

Juu, mlango wa roshani ulifunguliwa. Walisikia hatua za ndara mbili tatu, kisha zikasimama.

Mzee alidhani hawakumsikia. Akauliza tena, kwa sauti kubwa kidogo, mkono wake ungali umenyooka.