Matuta Yapi?

Asubuhi hiyo benchi la kona lilijaa vumbi na kiburi. Injinia, ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku, alikuwa amelaza jembe magotini. Pembeni yake Spoku, fundi baiskeli, alipuliza viganja vilivyotoka malengelenge. Alfajiri walikuwa wamelichimba na kulisawazisha tuta la mbele ya shule, lile la kupunguza mwendo wa magari, kwa kuwa tangazo kwenye nguzo lilisema: "Matuta yote yaondolewe kabla greda haijaja." Maneno ya chini yalikuwa yamefutwa na mvua. Mama Birika aliwamiminia kahawa bila kuwatazama. Kitinda mimba wake, wa darasa la kwanza, huvukia barabara pale pale penye tuta.

— Nani aliwatuma?

— Serikali, dada yangu, Injinia akajibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani? Lako au la mwanangu?

— Elewa basi. Greda ikipanda tuta inapinduka.

— Ikipinduka inamwaga mafuta, Spoku akadakia. Mafuta yanaingia kisimani, tunakunywa dizeli wote!

— Na yale matuta yako ya viazi, Injinia? Yamemeza kando yote ya barabara, watoto wanatembea katikati. Yale si matuta?

Injinia akakohoa.

— Lile ni shamba.

— Shamba lenye nini?

— Lenye... miinuko.

Kahawa ikampalia Spoku kwa kucheka.

— Mimi nawaambia, wanataka pawe tambarare ili ndege itue.

— Ndege ije kufuata nini huku?

— Ndiyo ujiulize! Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

— Hiyo methali imeingiaje?

— Imeingia tu, mama.

Lori la mchanga likapita, vikombe vikatetemeka. Siku zote Mama Birika hulisikia likiguna kwenye tuta, dereva akibadili gia. Leo halikuguna.

Vumbi lilipotulia, alitokea mwanamke mwenye kizibao cha kung'aa na futi kamba mkononi.

— Hamjambo? Mimi ndiye niliyebandika tangazo. Naona viazi bado havijaondolewa. Pale tunataka watu wapate pa kutembea.

Mwanamke akageukia upande wa shule.

— Na lile tuta la shuleni, jana nililipima tuliinue kidogo. Liko wapi?

Injinia akamtazama Spoku. Spoku akatazama malengelenge yake.

— Jamani, liko wapi?

Mama Birika akaangalia jua. Darasa la kwanza hutoka saa tano. Akalinyakua jembe magotini kwa Injinia.

— Nyanyukeni. Udongo tutachota kwenye viazi.

— Lakini mama, ngoja kwanza tumalize kikombe...

— Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa bado zito.