Redio na Darasa la Mikono

Kijiwe chetu cha Buzuruga kipo nyuma ya stendi, ubavuni mwa fundi wa pancha: benchi moja refu la mbao zilizong'olewa kwenye bodi ya lori la Fuso. Wenye benchi ni watatu. Mzee Byabato, Mhaya aliyestaafu ualimu, anaitwa Profesa, na hakatai. Paulo anaitwa Mgodi, maana alichimba dhahabu Geita miaka saba akarudi na kikohozi tu. Wa tatu ni Shigela, fundi cherehani, ambaye kila mtu humwita Redio kwa kuwa tangu asubuhi hazimiki. Kahawa humiminwa na Renatha, na bila yeye hapo pangebaki mbao tu. Siku hiyo Redio alikuwa kimya tangu saa saba mchana, na wenzake wakaanza kuingiwa na wasiwasi.

— Redio, betri zimekwisha? — Mgodi akauliza.

— Nawaza.

— Basi huo ni ugonjwa. Wewe hujawahi kuwaza.

Kilichomkaa rohoni kilikuwa saa kumi. Saa kumi, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, darasa la lugha ya alama lilikuwa linafunga mwaka, na kila mtoto asiyesikia alitakiwa aje na mama na baba. Binti yake Queen, wa miaka tisa, hasikii tangu homa ya uti wa mgongo ilipomkamata akiwa na miaka mitatu. Mkewe Winnie amesoma naye pale mwaka mzima. Redio hajawahi kukanyaga. Jioni mama na mtoto huongea kwa mikono, wakacheka, na yeye akala ugali wake kama mgeni aliyefikia nyumba ya watu. Ilimuuma. Ila aibu ya kuanza darasa la kwanza ukubwani, mtu mzima mwenye ndevu, ilimuuma zaidi.

Hayo hakuyasema. Alichosema ni hiki:

— Lile shirika la yule Mfini, lenye darasa la mikono, nyie mnalionaje?

Lilikuwa kosa, kwa sababu benchi lile halijawahi kulala njaa ya maoni. Mfini mwenyewe, mwanamke wa Ulaya, anaitwa Helvi. Kwao alikuwa akiuza bima, na shirika lake lina watu watatu na pikipiki moja.

— Watu watatu? Hilo si shirika, hiyo ni familia, — Mgodi akasema. — Anatafuta dhahabu yule. Ile mikono wanayorusha ni vipimo. Huku futi sita, huku futi kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Buzuruga kuna dhahabu gani? — Renatha akauliza.

— Ndiyo maana anatafuta. Ingekuwa juu angeokota.

Profesa akaweka kikombe chini.

— Paulo, elimu ilikuona ikavuka barabara. Hapa suala ni ziwa. Hawa wamegundua sangara hasikii. Sasa ukitaka umvue bila wavu, unamwita kwa mikono. Wanajaribia kwetu kwanza.

— Kwa watoto? — Redio akauliza taratibu.

— Kwa watoto. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu...

Akaishia hapo. Mgodi akatazama ndani ya kikombe chake. Redio alijua mzee hakukusudia. Methali zake hutoka kabla hajazipa ruhusa.

— Unisamehe, baba Queen, — Profesa akasema.

— Haina neno, mzee.

Renatha alikuwa akisuuza vikombe, akaviacha.

— Nyie mnaongea tu, mimi kule napeleka birika kila siku. Huyo Helvi alikuja kwa wiki mbili. Alikuwa haamkii mtu, anatembea mbiombio utadhani kaachwa na basi. Leo ni mwaka wa nne, anakula dagaa na vichwa vyake, na akimwona mzee hapa anampa shikamoo huku anainama. Aliniambia kwao alikuwa anashinda na simu sikioni, watu usoni hakuwa anawatazama. Kuwatazama amefundishwa na hawa watoto. Na Josephat wa Magu mnamkumbuka?

— Yule mchunga ng'ombe wa mjomba wake? — Mgodi akasema. — Si walisema ana kichaa?

— Kichaa chake ni kukosa wa kuongea naye. Wageni wakija walikuwa wanamfungia chumba cha uani. Sasa ndiye mwalimu. Juzi huyo mjomba kaja kutoka Magu, kakaa dawati la mbele, anafundishwa kusalimia.

Redio akamfikiria mzee yule, mwenye ng'ombe themanini, magoti yamebanwa kwenye dawati la mtoto. Akamwonea wivu, na akashangaa kwamba ni wivu.

Saa kumi kasoro robo, Queen akatokea mwenyewe, nywele zimesukwa upya, gauni limepigwa pasi. Hakuwahi kufika kijiweni. Baba yake ndiye hakutaka wamwone. Akampigia goti Profesa, Profesa akaitikia «marahaba, mama» kwa sauti kubwa, kisha akakumbuka, akamshika kichwa. Mtoto akasimama mbele ya baba yake. Akajigonga bega mara mbili, mikono ikaendelea kusema, halafu akatulia, uso ukingoja jibu.

— Bega linamuuma, — Mgodi akasema.

— Amechomwa sindano, — Profesa akasema. — Hizi chanjo za siku hizi wanachoma popote.

— Au mkanda wa begi umekatika. Fundi si wewe, Redio?

— Hapana, bega ni cheo. Kuna afande anamtafuta Redio.

Queen akarudia, polepole zaidi, kwa subira anayopewa mtu mzito wa kuelewa. Redio aliitazama ile mikono midogo na hakuambulia hata neno moja.

— Renatha, — akasema. — Anasemaje?

Renatha akajifuta mikono kwenye kitenge.

— Bega ni wewe. Kule kila mtu hupewa jina la alama, na wewe alikupa hilo siku ya kwanza. Winnie aliniambia. Queen anasema ulikuwa unambeba hapo mkitoka kanisani.

Redio alikuwa amesahau. Ilikuwa kabla ya homa, na miezi michache baada yake, mpaka alipochoka kuulizwa njiani mbona mtoto haitikii, akamshusha. Aliamini mtoto wa miaka mitatu hawezi kukumbuka.

— Na yale mengine?

— Anauliza, Baba, kwa nini wewe huji?

Profesa akatafuta kashata ambayo ilikwisha zamani. Redio alikuwa na sababu tele: suti ya harusi, sare za kwaya, cherehani bovu. Akazipitia zote kichwani, akaona hakuna hata moja inayofaa kumpa mtoto.

— Mwambie... — akaanza.

— Kuelewa naelewa, kaka, kusema bado, — Renatha akasema kwa upole. — Mimi najua kusema kahawa, moto na kwaheri.

Redio akashuka benchi, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Akainua mikono, nayo haikujua pa kwenda. Queen akaishika. Akamkunja vidole vitatu, akamnyoosha kimoja, akakipeleka kwenye shavu la baba yake, akakizungusha hapo kidogo. Kisha akacheka, na kwenye shavu lake mwenyewe kikatokea kishimo.

— Hiyo ni nini? — Redio akauliza bila kugeuka.

— Jina lake, — Renatha akasema. — Ndivyo anavyoitwa.

Akajaribu, akakosea. Queen akatikisa kichwa, akamrekebisha kidole. Akajaribu tena. Mara ya tatu akapatia, na machozi yakamtoka mbele ya benchi zima, wala hakuyafuta. Miaka sita alikuwa anamwita mwanawe kwa jina lisilomfikia.

Hakuna aliyeaga. Baba na binti wakavuka barabara ya stendi wameshikana mikono kuelekea kule nyuma ya duka, na kidole cha mkono mwingine wa baba kikawa bado kinazunguka shavuni, akirudia, asije akasahau kabla hawajafika.