Déogratias Assumani, Mupiga Foto wa Jua ya Magaribi

Marehemu Déogratias Assumani alizaliwa ku Kilembwe, tarehe 14 aprili 1971, kitinda-mimba wa mama Pulchérie. Dada yake mukubwa, Georgette, njo alimubeba mu mugongo, na njo analeta haya maneno leo. Mwenye masikio itamuwasha, akune.

Ku masomo alifika mwaka wa tano primaire. Mwalimu alimupiga juu ya kuchora mu kitabu, akatoka, hakurudia tena.

Mu 1996 vita ilimukimbiza mupaka Tanzania. Kule mu kambi alijifunza kupiga foto. Mu 2006 alirudia, akafungua studio karibu na soko ya Baraka. Batoto ba masomo, bachimba-zaabu ba Misisi, babibi-harusi, bote alibapiga. Hata bengine benye kusimama hapa, ni yeye alibatafutia sura.

Tarehe 23 agosti 2008 alioa Constance. Balipendana, ila mutoto hawakupata. Constance alikuwa anamuomba: "Deo, unipige na mie siku moja, na jua ya magaribi."

"Kesho, mama. Bateja bananingoja."

Ile kesho ilikokota miaka zaidi ya kumi na mbili. Tarehe 9 juni 2021 mutumbwi ilizama mu ziwa ikitoka Ubwari, Constance akafa. Na mupiga foto hakuwa na hata foto moja ya muke wake.

Ku maziko Arlette, mudogo wa Constance, alipiga kelele mbele ya bantu: "Mupiga foto gani huyu! Muke wake anaenda ku kaburi bila foto mbele ya sanduku!" Kumbe yeye alikuwa na moja mu valizi yake ya nguo, yenye balipigaka ku Misisi. Deo alienda kuiomba. Bashemeji bakamukata faini ya mbuzi mbili. Akapeleka. Balikula mupaka mifupa, foto hawakutoa.

Toka hapo, kila magaribi alitoka na aparei yake ya foto, akapa ziwa mugongo, akapiga jua ikiingia nyuma ya milima. Bantu bakasema amerukwa na akili. Georgette naye alimutukana: "We mujinga, jua ni ile moja kila siku! Na hata kuipanga hujui: unaisukuma pembeni, upande wa kushoto unabaki wazi!"

Deo akajibu polepole: "Yaya, pale ni pa Constance kusimama."

Georgette akasogea pembeni, akapisha ile nafasi. Hiyo ni mara moja tu mu maisha yake.

Ugonjwa ya sukari ilimushika mu 2023. Ilimukula muguu, kiisha macho. Macho ilipoisha, alikuwa anapiga kwa kusikia joto ikipungua ku uso. Alikata roho tarehe 14 oktoba 2025, ku hospitali.

Jana Arlette alileta ile foto, machozi mupaka ku kidevu, ati iingie mu hii programme ya maziko.

"Ulinyima mwenye macho," Georgette alimuambia, "sasa unaletea maiti?"

"Yaya, unisamehe."

"Sina musamaha."

Foto tuliipokonya. Iko ku kifua ya Deo, chini ya mikono yake. Arlette alibaki inje ya mulango.

Anaacha dada yake Georgette, bapwa yake Shukuru na Yasmina, na bateja bengi. Arlette hatukumuhesabu. Mungu amupokee Deo, amupe usingizi muzuri. Udongo tutatupa sisi bake. Arlette asisogee ku kaburi, abaki pale pale amesimama.